Morris Minor inauzwa Lindi, dalali anasema "imekarabatiwa kila kitu". Niingie au nikimbie?

Mtoto wa Mikindani

Wakuu habari za usiku. Naombeni mawazo kabla sijafanya ujinga na hela ya korosho.

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp dalali mmoja wa Lindi karusha picha za Morris Minor, ile ya mgongo wa kobe, kijani cha kupauka kama maji ya ghuba hapa Mikindani saa nne asubuhi, bampa zinang'aa mpaka unaona sura ya mpiga picha, siti zimeshonwa upya nyekundu, kapeti jipya, stelingi ile kubwa nyembamba. Wallahi nimezikodolea macho zile picha mpaka mke wangu akauliza huyo ni nani.

Maelezo nayaweka kama alivyoyaandika mwenyewe: modeli ya 1954, milango miwili, injini yake yenyewe ya cc 1098 haijawahi kubadilishwa tangu kiwandani, ina vile vimikono vya kuonyesha kona vinavyochomoka ubavuni na vyote vinafanya kazi, kioo cha mbele kipande kimoja safi hakina ufa, imekarabatiwa kila kitu, mteja ni kuwasha na kuondoka. Bei milioni 17 na nusu, "maongezi yapo kidogo".

Mimi sina gari, nina pikipiki, mke na watoto watatu, mkubwa miaka 11 wa mwisho 4. Nataka gari ya familia kweli kweli, siyo ya kukodisha kwenye harusi. Kupeleka watoto shule hapa Mtwara, Jumapili kutembea, na mara moja kwa mwezi kwenda Masasi kumsalimia mama, ni kama kilomita 200 kwenda tu. Nyumbani kuna picha ya babu amesimama pembeni ya gari kama hii ya bosi wake mzungu, miaka ile ya mradi wa karanga, kavaa kaptula na amekunja mikono kama yake, wakati hakuruhusiwa hata kuegemea. Labda hiyo picha ndiyo inayonisumbua sijui.

Sasa bei hii ni ya haki? Spea je? Na nikifika kuiona niangalie nini, maana mimi kwenye gari najua kufunga mlango tu.

Korosho Ghafi

17.5 unachukua Toyota IST namba D safi na chenji inabaki unaezekea banda la kuku. Kiyoyozi, redio, spea kila duka kuanzia stendi mpaka Mangaka. Wewe unataka kwenda Masasi masika na gari inayomzidi baba yako umri? Mtwara kuchele mkuu, amka.

Mpwa wa Mtama

Si ndiyo zile teksi za India zinazoonekana kwenye muvi?

Fundi Chikongola

Mpwa hapana, zile za India ni Ambassador, ilitokana na Morris Oxford ambayo ni kaka mkubwa wa hii. Hii Minor ni ndogo, urefu hata mita 4 haifiki.

Mwenye uzi nisikilize. Dalali kakuandikia mambo manne ambayo hayawezi kukaa kwenye gari moja. Minor ilianza kuuzwa 1948, na mpaka 1956 kioo cha mbele kilikuwa vipande viwili vina mwimo katikati. Kioo cha kipande kimoja kilikuja 1956 na ile waliyoiita Minor 1000, nayo ilikuwa na injini ya cc 948. Hiyo 1098 ilikuja 1962. Na vimikono viliondolewa 1961 wakaweka indiketa za kuwaka kama hizi tulizozoea. Kwa hiyo ingekuwa ya 1954 kweli ungeona vioo viwili na injini ya 803, na ingetoka kiwandani na 1098 isingekuwa na vimikono. Kwa picha ulizoweka hiyo bodi ni ya kati ya 1956 na 1961, na kama kweli ina 1098 basi injini imebadilishwa. Hilo lenyewe siyo baya, mimi ningeipenda hiyo kuliko 948 maana inapanda mlima bila kulia. Ubaya ni hilo neno "haijawahi kubadilishwa". Mtu akikudanganya kwenye kitu kinachoonekana kwenye picha, ujue chini ya kapeti huko kuna nini.

Maana hiyo gari haina chasisi ya peke yake kama Land Rover, bodi ndiyo chasisi. Ikioza chini imeoza uti wa mgongo, na Lindi na Mtwara mnajua wenyewe upepo wa bahari unavyokula chuma, mimi bati la gereji yangu nimebadilisha mara mbili. Huku neno kukarabati maana yake ni puti na rangi. Tafuta sumaku ya spika mbovu, izungushie kitambaa usichune rangi ya watu, pitisha chini ya milango, kona za chini za madga, kuzunguka taa za mbele. Ikishika sawa, ikidondoka ujue hapo ni puti inakaa kama ugali. Halafu ingia uvunguni, usione aibu, lala chini. Angalia zile boriti mbili za mbele zinazobeba injini, angalia ile boriti inayokatiza katikati ya gari chini ya siti za mbele, na nyuma pale springi za majani zinapofungwa kwenye bodi. Ukikuta lami nyeusi mpya imepakwa uvungu wote inameta, chukua bisibisi gonga gonga. Chuma kinalia ngaa, kutu inalia puf.

Bei sikwambii mpaka nijue uvungu. Rangi hata mimi nakupigia kwa laki nane.

Mzee wa Nachingwea

Vijana hamjambo. Fundi umesema vizuri ila umeruka jambo lililotaka kuniua.

Nilinunua Minor mwaka 1974 kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa anahama, na hiyo ilikuwa imeshachoka wakati huo. Nilikaa nayo miaka tisa. Ilikuwa gari nzuri sana kwa uendeshaji, stelingi nyepesi na inakwenda pale unapoiambia, siyo kama Bedford ya shule ambayo ulikuwa unaiomba. Sasa tairi la mbele la Minor limeshikwa chini na kitu kinaitwa traniani, fikiria nati kubwa inayozunguka kwenye uzi wa boliti kila ukikata kona. Inataka grisi. Kitabu cha kwanza kilisema kila maili 1000, na kwa vumbi la kwetu nilitakiwa kuweka hata kabla ya hapo. Mimi nilikuwa kijana, nikaona gari inakwenda nikasahau. Siku moja natoka Lindi, nimepita Mtama, nashukuru nilikuwa nakwenda polepole kwa sababu ya mashimo, ule uzi ukachomoka na tairi la kushoto likajikunja chini ya gari kama mguu wa mbuzi aliyelala. Gari ikapiga goti. Mke wangu alikuwa na debe la mafuta ya nazi mapajani na mafuta yote yakamwagika, na mpaka leo akitaka kunikumbusha makosa yangu anaanzia hapo.

Kwa hiyo ukifika muulize mwenye gari swali moja tu, bomba la grisi liko wapi. Akikuonyesha papo hapo, tena limechafuka, huyo ni mwenye gari. Akianza kuita mtu amtafutie, nyanyua tairi la mbele na jeki, shika juu na chini utikise.

Jingine, mafuta ya breki. Usiyatafute kwenye boneti hutayaona. Silinda kubwa ya breki iko chini ya miguu ya dereva, unainua kapeti ndipo unaona kifuniko. Wengi wamefunika na kapeti jipya wakasahau, breki zikaisha. Ndiyo maana kapeti jipya mimi linanitisha kuliko rangi mpya.

Na betri. Gari hizo zilifungwa waya wa chanya kwenye bodi, kinyume na za Kijapani. Fundi umeme kijana akija na mazoea yake akageuza, au ukachomeka redio ya kisasa na chaja ya simu bila kujua, moshi.

Mtoto wa Mikindani

Shikamoo mzee. Hiyo ya mafuta ya nazi nimecheka peke yangu kama chizi. Je ni kweli boneti yake ina kama kamstari kapana katikati? Kwenye picha naona kama wameunga bati mbili, nikadhani ni ajali.

Mzee wa Nachingwea

Marahaba. Siyo ajali, ndivyo ilivyozaliwa. Yule aliyeichora, Alec Issigonis, ambaye baadaye alichora Mini, aliiona ile ya majaribio ni nyembamba mno, akaamuru ikatwe katikati kwa urefu kisha vipande visogezwe mbali mpaka macho yake yaridhike. Ikaongezeka inchi 4. Ule ubapa wa katikati ya boneti ndiyo zile inchi 4. Na bampa zilikuwa zimeshatengenezwa za wembamba wa zamani, zile za mwanzo zikakatwa na kuungwa kipande katikati. Mwenye kampuni Lord Nuffield alipoiona hakuipenda, akasema inafanana na yai lililochemshwa bila ganda. Hilo yai likauzwa mpaka kufika milioni moja mwishoni mwa 1960, gari la kwanza la Kiingereza kufika hapo.

Shukuru Mungu tu siyo ile ya nyuma yenye mbao. Ile mbao zake siyo pambo, ndizo zinazoshika bodi. Kwa mchwa wa Lindi ungenunua gari Jumatatu, Ijumaa unakuta kichuguu.

Mama Ligula

Naona wanaume mnaongea boneti na inchi nne. Mimi nina swali la mama mwenye watoto. Mikanda iko wapi? Kaka kasema watoto watatu wanakaa nyuma, wa mwisho miaka minne. Gari za miaka hiyo nyuma hazikuwa na mikanda kabisa na mbele nyingi pia hazikuwa nayo. Milango miwili maana yake watoto wamefungiwa nyuma, kutoka mpaka siti ya mbele ikunjwe. Na breki ni za dram pande zote. Mabasi ya Dar yanavyopita hapo Mnazi Mmoja ya Lindi wote tunayajua. Sisemi usinunue, nasema kabla ya siti nyekundu angalia mwanao atashikwa na nini.

Korosho Ghafi

Mama kaongea. IST ina mikanda mitano.

Mstaafu wa Makaratasi

Injini siijui ila karatasi nimezila miaka mingi. Omba picha ya kadi yenyewe, siyo fotokopi ya fotokopi. Jina ni la nani? Gari ya umri huo mara nyingi mwenye jina ni marehemu, na hapo anayeweza kukuuzia ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, siyo mtoto, siyo mjane kwa mdomo, na siyo dalali. Halafu namba ya injini kwenye kadi iwe ndiyo iliyogongwa kwenye injini, maana kama fundi anasema imebadilishwa, ukienda kuhamisha umiliki TRA zikikutwa hazifanani ndiyo mwanzo wa njoo kesho, na wewe hela umeshatoa.

Wala usitishwe na mtu akikwambia gari ina deni la ada ya mwaka tangu enzi. Ile ada ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye lita ya mafuta na madeni ya nyuma yakasamehewa. Na wale watakaokwambia agiza nyingine nzuri Uingereza waambie wakupigie hesabu ya ushuru kwanza, gari iliyopita miaka 10 inaongezewa tozo ya uchakavu juu ya ushuru mwingine wote.

Dalali Mkweli Lindi

Wakuu nimetumiwa huu uzi. Tuache kuharibiana riziki. Gari ni nzima, mzee wa watu aliitunza kama mboni ya jicho. Mwaka nimeandika 1954 kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa, mimi sikuwepo kiwandani. Wateja wapo, kuna mtu wa Dar anataka kuipeleka hotelini kwa milioni 20 cash. Anayetaka aje, asiyetaka apite kimya kimya.

Fundi Chikongola

Karibu dalali. Tusaidie kitu kimoja tu kidogo. Namba ya injini iliyogongwa kwenye kibati, herufi za mwanzo ni zipi? Ikianza na 9M ni 948, ikianza na 10MA ni 1098. Na kwenye kadi imeandikwaje?

Dalali Mkweli Lindi

Hayo nampa mteja aliye tayari, siyo watu wa mtandaoni.

Mpwa wa Mtama

Mtu wa Dar wa milioni 20 yupo kwenye kila biashara Lindi, sijui kwa nini huwa hafiki.

Mtoto wa Mikindani

Wakuu nimerudi. Samahani nilikaa kimya, Jumamosi nilipanda basi la asubuhi mpaka Lindi na fundi Chikongola, tumekutana kwa huu uzi na kumbe gereji yake nilikuwa napita kila siku. Alikuja na sumaku, bisibisi, tochi na ovaroli, dalali alipomwona anashuka na ovaroli uso ulibadilika.

Kwanza gari siyo ya dalali, hilo mlishajua. Ni ya bibi mmoja mjane, mume wake alifariki 2009. Barua ya mirathi anayo, alinitolea kwenye sanduku la cherehani imekunjwa mara nne, jina lake lipo. Mstaafu nilikukumbuka. Sikuuliza la bomba la grisi, maana bibi mwenyewe alipoona tunainama mbele ya gari akaingia ndani akatoka nalo, limezungushiwa gazeti, akasema marehemu alikuwa anaweka kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi na baada yake mjukuu anaendelea hata kama gari haijatembea. Fundi akanyanyua tairi zote mbili za mbele akatikisa, hazichezi hata kidogo. Mzee nilitamani uwepo.

Uvunguni sasa. Mbele kuko salama, na sababu yake inachekesha, injini inavuja mafuta kidogo tangu zamani na yale mafuta yamezipaka zile boriti miaka yote, kutu haikupata nafasi. Upande wa kushoto chini ya mlango sumaku ilidondoka mara tatu, mara ya nne fundi hakuijaribu tena, alinitazama tu. Nyuma kushoto pale springi inapofungwa kulikuwa na lami mpya inameta kama viatu vya bwana harusi, bisibisi iliingia mpaka kwenye mpini. Hapo dalali akasema "hiyo ni ndogo". Chini ya kapeti sakafu ya abiria kuna kipande cha bati kimewekwa kwa ribeti juu ya tundu. Upande wa dereva sakafu nzima, kifuniko cha breki kipo, tukafungua, mafuta yalikuwa nusu.

Injini ni 10MA kama fundi alivyosema. Kadi inasema 9M. Bibi hakuficha kitu, marehemu alinunua injini ya gari iliyopinduka huko Dar miaka ya themanini, akaileta kwa meli kwa sababu ilikuwa masika na barabara ya Rufiji ilikuwa imekatika. Hakuna aliyefikiria kubadilisha kadi. Huo uongo wa haijawahi kubadilishwa ni wa dalali peke yake, bibi alipousikia alimgeukia kwa Kimwera, mimi sikielewi lakini sikuhitaji mkalimani.

Tuliiwasha ikakubali mara ya pili. Sauti yake jamani. Ukiachia mafuta inapumua kama mtu anayenung'unika kistaarabu. Tulizunguka nayo mjini kama nusu saa, fundi anaendesha. Gia ya kwanza lazima usimame kabisa ndiyo uingize, ukilazimisha inapiga kelele, fundi anasema haina mkanda wa kulainisha kwenye namba moja, ndivyo ilivyotengenezwa. Breki zinavuta kulia. Kimkono cha kushoto kinachomoka safi kina taa ya chungwa, cha kulia hakitoki mpaka upige ngumi kwenye nguzo ya mlango, bibi ndiye alituonyesha pa kupiga. Watoto walitukimbilia mpaka sokoni, bodaboda mmoja akauliza kama ni ya umeme.

Bei nimeacha mwisho kwa makusudi. Tulipokaa kibarazani kwenye kahawa bibi akaniuliza kama milioni 10 naiona kubwa. Nikamtazama dalali, dalali akatazama mnazi.

Nimekubaliana naye hivi. Milioni 10 ya bibi, dalali anapata laki tano yake kutoka kwangu kwa sababu bila yeye nisingeiona, ingawa fundi alisema nampa ya nini. Bibi kwanza abadilishe namba ya injini kwenye kadi, gari ikakaguliwe na trafiki, gharama hiyo naibeba mimi. Nimetoa laki tano ya kushikia, tumeandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa na kurasa zote tumesaini, kadi isiporekebishika hela yangu inarudi. Kuchomelea kushoto fundi anakadiria milioni moja na nusu akifanya kwa bati jipya na siyo viraka. Masasi nimeshaambiwa nisahau mpaka breki zote zifumuliwe, na tenki lenyewe ni lita 29 na nusu, kwa kama kilomita 13 kwa lita kwenda na kurudi halitoshi, itabidi nijaze huko huko.

Korosho Ghafi

Kwa hiyo jumla inafika milioni 12 na breki bado. Mimi nilisema IST. Ila nipakie siku moja nipige picha.

Mstaafu wa Makaratasi

Umefanya la maana kuanzia kwenye kadi. Mhamisho ukifika usisahau ushuru wa stempu, ni asilimia 1 ya thamani, na mkataba wa mauziano upeleke kwa wakili augonge muhuri, ule wa mwenyekiti wa mtaa hautoshi.

Fundi Chikongola

Mambo matatu kabla sijasahau. Akija wa kuchomelea usikubali fimbo ya umeme, bati la bodi ni jembamba atalitoboa kama chandarua, tafuta mwenye gesi au mashine ya waya. Betri ifunguliwe kabisa kabla ya kuchomelea. Na siku hiyo hiyo ya kuchomelea, wakati nyuma iko wazi, tunaweka bati nene za kushikia mikanda ya watoto. Mikanda haifungwi kwenye bati la kawaida, inang'oka nayo. Mama Ligula alisema ukweli na mimi nilikuwa sijaliwaza.

Valvu nazo. Hedi ya injini hizi ilitengenezwa kwa petroli yenye madini ya risasi na hiyo iliondoka huku kwetu kusini mwa Sahara kufikia 2006. Kwa safari za mjini itavumilia, ila ukianza Masasi kila mwezi siti za valvu zitaliwa taratibu. Tukiifungua hedi tuipeleke Dar kwa watu wa mashine waweke siti ngumu, ni mara moja tu basi. Spea usiogope, injini hii ni familia moja na ya Mini, ringi na gasketi zake bado zinatengenezwa Uingereza na zinatumwa kwa posta. Kinachosumbua ni bodi, na bodi tunachonga.

Mafuta ya gia boksi ni haya haya ya injini, usiruhusu mtu akuwekee mazito. Kizibo kiko chini ya kapeti.

Mzee wa Nachingwea

Kila kitu chini ya kapeti. Ulizia kama ile hendeli ya kuwashia kwa mkono bado ipo kwenye buti, hiyo usikubali ibaki Lindi.

Mtoto wa Mikindani

Ipo mzee, mjukuu wa bibi alikuwa anaitumia kufungia geti, bibi kashamwambia airudishe.

Mke wangu kasoma uzi wote huu tangu mwanzo hapa begani kwangu. Kauliza mambo mawili, kama mikanda inapatikana nyekundu ya kufanana na siti, na huyo mama wa Ligula ni nani amletee korosho za kukaanga.